UZI: Mlango wa mbele kwa nyumba za Unguja na Pemba (mbao, chuma, vipimo, na yanayoharibika)

Seremala_Mkunazini

Assalaam alaykum wana jukwaa. Wengi wanaojenga sasa wanauliza "mlango gani mzuri" kabla hawajajua nyumba inatazama wapi. Huo ni mwanzo mbaya. Mlango wa mbele visiwani kwetu unapigwa na vitu vinne: mvua ya masika inayoletwa na upepo, jua la alasiri, chumvi, na mchwa. Kwanza simama kwenye nafasi ya mlango ujue lipi kati ya hayo linakuumiza zaidi, ndipo uende kwa seremala.

Mlango unaotazama magharibi unaungua kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Vanishi inachubuka, mbao inapasuka upande wa nje na kupinda kwa sababu upande wa ndani umebaki na unyevu wake. Unaotazama kusini au kusini mashariki unakula mvua ya kusi moja kwa moja. Nyumba za Paje, Jambiani na Makunduchi zinaongezewa chumvi, maana ufuko uko karibu na upepo haukati. Kote huko dawa ya kwanza ni kipaa juu ya mlango, kitoke nje angalau sentimita 90, na kizidi upana wa mlango kwa sentimita 30 kila upande. Mlango wa mninga wa kawaida ulio chini ya kipaa utaishi kuliko mlango wa mkongo wa fahari uliowekwa uso kwa uso na mvua. Kama una daka, yaani mlango umeingia ndani ya ukuta na mabaraza yako pembeni kwa mtindo wa nyumba zetu za zamani, kazi hiyo umeshaimaliza.

Sasa mbao.

Msaji ndio bora kwa hali yetu. Una mafuta yake, hauvimbi sana, mchwa hawaupendi. Ubaya ni bei, tena mafuta hayohayo yanaikataa gundi. Viungo vifutwe kwa thina na kupigwa gundi muda huohuo, visiachwe hadi kesho.

Mninga unatulia sana ukishakauka, unachongeka vizuri na rangi yake inapendeza. Angalia pembeni mwa ubao: ile sehemu nyeupe ya nje ya mti haina nguvu, wadudu wataibungua na kukuachia unga sakafuni. Fundi akiiacha ndani ya mlango kisha akaipaka rangi ya mninga, hutaijua mpaka imeshaliwa. Waambie wakuoneshe mbao kabla ya kupaka chochote.

Mvule ni imara na unahimili mchwa, lakini ndani una mawe yanayovunja meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha koo. Mkongo ni mzito na mgumu, unafaa sana kwa fremu. Mfenesi unapatikana hapahapa visiwani, unaanza na umanjano kisha unakolea kuwa kahawia, na kwa mlango uliofunikwa na kipaa unatosha kabisa. Mwembe usiuweke mlango wa nje hata ukipewa bure.

Kuliko jina la mti, angalia ukavu. Hewa yetu ina unyevu mwingi mwaka mzima, mbao ikishatulia hapa inabaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Mbao mbichi iliyoteremshwa bandarini wiki iliyopita itasinyaa na kufungua viungo. Na mbao iliyokaushwa sana Bara kwenye ukavu itavimba ikifika huku. Njia salama ni kuinunua mapema na kuipanga kwenye kivuli chenye upepo, vipande vya fito katikati ya kila ubao: inchi 1 miezi mitatu angalau, inchi 2 nusu mwaka au zaidi.

UmmuSalma_Fuoni

Waalaykum salaam fundi, shukran. Nafasi yangu imeachwa sentimita 100 kwa 215, matofali ya inchi 6, sakafu bado haijapigwa vigae. Inatosha mlango wa 90 kwa 210? Na kuna mtu kanishauri ubao mzima bila paneli, ati ndio imara zaidi.

Seremala_Mkunazini

Upana unatosha, dada. Urefu hautoshi, na bora umeuliza sasa.

Hesabu yake ni hii. Mlango sentimita 90. Mwimo, yaani mbao ya fremu inayosimama pembeni, ukiwa wa mbao ya inchi 2 una unene wa sentimita 5, na ndani yake hukatwa ngazi ya sentimita 1.2 ambamo mlango hukaa, kwa hiyo kila mwimo unakula sentimita 3.8. Ongeza milimita 3 za nafasi kila upande wa mlango, unapata kama 98.2. Zinabaki sentimita 2 kasoro za kupangia na kujaza saruji pembeni. Hapo sawa.

Urefu: mlango 210, nafasi ya chini milimita 8, ya juu milimita 3, fremu ya juu 3.8, na sentimita 1 ya kujazia chini ya linta, ile boriti ya zege juu ya mlango. Jumla karibu 216, tena kuanzia JUU ya vigae. Zege la kusawazisha na vigae vitakula sentimita 5 hadi 6. Kwa hiyo kutoka sakafu uliyonayo sasa hadi chini ya linta ulihitaji kama 222. Una 215. Ama ukate linta, jambo ambalo sikushauri, ama utengenezeshe mlango wa sentimita 203. 203 si mfupi, watu wote watapita. Kosa kubwa ni kununua mlango uliokwisha tengenezwa wa 210 kisha fundi akaukata chini. Atakula ubao wa chini na kufika kwenye kiungo, na mlango utaanza kulegea hapo.

Pima upana mahali patatu (chini, katikati, juu) na urefu mahali patatu, uchukue kilicho kidogo. Kisha pima kona kwa kona mara mbili. Tofauti ikizidi milimita 5, mwambie mwashi anyooshe ukuta kabla ya fremu. Asije akaipinda fremu kufuata ukuta.

Kuhusu ubao mzima: hapana. Mbao inavimba kwa upana, kwa urefu haibadiliki sana. Mbao zilizogandishwa ubavu kwa ubavu hadi sentimita 90, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 3 tu, zinaweza kuongezeka karibu milimita 5. Ile nafasi ya milimita 3 imeshakwisha, mlango umegoma, na fundi anakuja na randa. Kaskazi ikirudi na ukavu wake unabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Mlango wa paneli una mbao mbili za kusimama na tatu au nne za kulala, kila moja upana wa sentimita 12 hadi 20, na paneli zinakaa ndani ya mifereji bila gundi wala msumari. Paneli inavimba na kusinyaa ndani ya mfereji wake bila kusukuma fremu ya mlango. Fundi akizipiga misumari paneli ili "zisicheze", zitapasuka katikati.

Unene uwe milimita 45. Viungo viwe vya ulimi unaopenya tundu hadi upande wa pili, na kufungwa kwa vijiti vya mti. Misumari miwili ya pembeni si kiungo.

Mchomeaji_Amani

Naheshimu mbao, lakini watu wengi mitaani wanaweka chuma kwa ajili ya usalama, kwa hiyo nacho kisemwe kwa haki.

Mlango wa chuma unaofaa una fremu ya bomba la pembe nne la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, na bati la milimita 1.5. Ukigonga bati ukasikia linatetema kama debe, ni jembamba, na mtaimbo utalikunja. Milango mingi ya Kichina inayouzwa ikiwa tayari ina bati jembamba nje na karatasi ya matundu ndani. Kwa chumba cha ndani haina neno. Kwa mbele, tena karibu na bahari, kutu inaanzia chini pale bati lilipokunjwa.

Chuma huku kwetu huozea ndani. Bomba likichomewa pande zote, hewa yenye chumvi inaingia kwenye tundu la kitasa, unyevu unaganda usiku, maji yanajikusanya chini. Rangi ya nje inang'aa huku ndani kumeshakwisha. Tobolea matundu ya milimita 6 upande wa chini wa kila bomba linalosimama, maji yatoke. Kila mahali palipochomewa pasagwe na kusuguliwa mpaka chuma cheupe kionekane, papakwe rangi ya msingi yenye zinki siku hiyohiyo, kabla ya usiku, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Fundi anayepaka rangi nyekundu ya msingi juu ya masizi ya kuchomea anakuuzia mlango wa miaka miwili.

Na mlango wa chuma unaotazama magharibi usiupake rangi nyeusi. Alasiri hugusiki.

Seremala_Mkunazini

Umesema kweli kabisa, Mchomeaji. Bado lakini, kwa nyumba iliyo mita mia kutoka ufukweni nisingeweka chuma hata kwa kazi hiyo nzuri. Ni rangi kila mwaka, na mwaka ukiuruka umeshaachwa nyuma. Bora mbao mbele, na grili ya chuma kilichochovywa zinki kwa nje kama mtu anataka kulala huku mlango wazi apate upepo.

Mchomeaji_Amani

Grili iliyochovywa zinki nakubali. Ichovywe baada ya kuchomewa, maana kila unapochomea unaunguza zinki iliyokuwepo.

Aluminiamu nayo nimalizie. Inavumilia chumvi kuliko chuma, lakini skrubu za chuma cha kawaida ndani ya aluminiamu ni adui, mahali zinapogusana kunafanya unga mweupe. Tumia skrubu za stenlesi, na ukiweza weka washa za plastiki. Mwashi asiachie saruji mbichi au chokaa ikakauka juu yake, inakula na doa halitoki. Funika kwa karatasi kabla ya lipu. Kioo kiwe cha usalama, milimita 6 kwenda juu.

Pandani_Wete

Mie niko Pemba, na huku mvua ni nyingi kuliko kwenu Unguja. Tatizo kubwa huku ni maji kupita chini ya mlango na miguu ya fremu kuoza au kuliwa na mchwa. Mnafanyaje?

Seremala_Mkunazini

Ami, hilo ndilo linaloua milango mingi kuliko vyote, na ni kwa sababu ya mazoea: fremu inasimamishwa, kisha miguu yake inazikwa ndani ya zege la sakafu. Zege linafyonza maji kutoka chini, mguu wa mwimo unafyonza kutoka kwenye zege, na mchwa wanapanda kwa njia hiyohiyo bila kuonekana. Ukija kuona rangi imevimba, ndani kumebaki ganda.

Fanya hivi. Mguu wa mwimo ukomee juu ya sakafu iliyokwisha, usizame. Ukate sawa, uloweshe dawa ya mchwa sentimita 30 za chini, mara mbili, ukipa nguvu kwenye ile ncha iliyokatwa kwa sababu maji hupanda kupitia hapo. Ikikauka, ipake lami ncha hiyo pamoja na mgongo wote wa fremu unaogusa ukuta. Fremu ishikwe na vishikizo vya chuma vilivyochovywa zinki, vitatu kila upande: cha chini sentimita 25 kutoka sakafuni, vingine kila sentimita 60 hadi 70. Hivyo ndivyo vinavyobeba, na mguu hauhitaji kuzikwa.

Maji ya mvua yana mambo matatu. Sakafu ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 kama unaweza, na imwage maji nje kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita. Kizingiti cha chini kiwe cha jiwe au zege lililolainishwa, upande wa nje uwe na mteremko. Halafu chini ya mlango kwa nje piga ubao mdogo uliotoka sentimita 4, juu yake umeteremka, na chini yake una mfereji wa milimita 6. Huo mfereji usiuache. Bila huo maji yanaufuata ubao kwa chini, yanarudi kwenye mlango na kuingia ndani. Ukiwepo, tone linakatika na kudondoka.

Na uso wa chini wa mlango, ule usioonekana, upakwe vanishi kabla ya kuutundika. Mafundi wengi wanapaka pande mbili tu. Chini na juu ndipo mbao hunywa maji haraka, na huko ndiko mlango unakoanza kuvimba.

UmmuSalma_Fuoni

Fremu na mlango viwekwe pamoja au mlango ungoje?

Seremala_Mkunazini

Fremu kabla ya lipu, mlango baada ya lipu na sakafu kukauka, wiki nne hivi. Nyumba yenye lipu mbichi ni kama chumba cha mvuke. Mlango ukitundikwa humo unavimba, unarandwa, kisha nyumba inakauka nao unabaki mdogo.

Bawaba ziwe tatu za inchi 4, za shaba au stenlesi. Ya juu sentimita 18 kutoka juu, ya chini sentimita 25 kutoka chini, ya tatu iwe karibu na ile ya juu, sentimita 25 chini yake, kwa sababu juu ndiko mlango unakovuta. Mlango wa mninga wa unene huo ukiwa umejaa wote unafika kilo 50 na kitu, wa mkongo karibu 70. Kwa mkongo weka nne. Skrubu nazo ziwe za shaba au stenlesi, si za chuma: mvule na mbao nyingine kama huo zikilowa pamoja na chuma zinatoa madoa meusi ambayo msasa hauyamalizi.

Kitasa kikae sentimita 100 hadi 105 kutoka sakafuni, lakini hapa pana mtego. Ubao wa kulala wa katikati mara nyingi uko urefu huohuo, na ulimi wake umeingia ndani ya ubao wa kusimama. Fundi akitoboa nafasi ya kitasa hapo anaukata ulimi, na mlango unapoteza kiungo chake cha katikati. Amua kitasa kabla ya kukata mbao, ubao wa kulala ushuke au upande. Bati linalopokea ulimi wa kitasa kwenye mwimo lifungwe kwa skrubu za inchi 3 zifike ukutani. Zile fupi zinazokuja ndani ya boksi zinang'oka kwa teke moja. Usitie mafuta ya kupikia ndani ya kitasa, yanaganda na vumbi. Tia unga wa penseli.

BintiShangani

Naomba mnisaidie upande wa faragha. Mlango ufungukie upande gani?

NakshiMalindi

Ndani, na bawaba ziwe upande ambao mlango ukiwa nusu wazi, bawa lenyewe linamkinga aliye ndani. Simama nje mahali mgeni anapopiga hodi. Ukifungua kwa kiasi cha kuweka kichwa, je, anaona ukuta au anaona sebule hadi ukumbini? Akiona ukumbi, hamisha bawaba upande wa pili. Hii ni bure kabla ya fremu kuwekwa. Kama nafasi bado haijajengwa, mlango wa mbele na ule wa kuingilia uani visitazamane.

Upana nao uangaliwe. Mlango wa 90 ukiwa wazi unaacha kama 86 za kupita, kitanda na jeneza vinapita. Wa 80 unaanza kusumbua hasa kama mbele yake kuna kona.

Kwa wanaotaka mlango wa nakshi wa mabawa mawili: upana wa jumla usipungue 130, maana ukifungua bawa moja upate angalau 60. Mfaa, ule ubao wa nakshi unaosimama katikati, unafungwa kwenye bawa moja kwa nje na kuliziba la pili. Milango yetu inafungukia ndani, kwa hiyo bawa lisilo na mfaa ndilo hufunguka kwanza, na lenye mfaa hubaki na komeo juu na chini. Amua utatumia bawa lipi kila siku kabla mfaa haujapigwa. Ukikosea, mtu atazoea kulazimisha bawa lenye mfaa na utang'oka.

Nakshi ichongwe kwenye vipande vya juu ya fremu, fremu yenyewe iachwe nzima. Kina cha milimita 10 hadi 15 kinatosha kupata kivuli kizuri. Ukizidisha, unatengeneza vishimo vya kuweka maji. Pale nje panapopigwa na mvua, chini ya kila jani la nakshi paachiwe mteremko. Kazi ya mashine ina kina sawasawa pande zote na pembe za duara. Kazi ya patasi ina pembe kali na jani moja halilingani na jingine. Zote zinauzwa, ila usilipe bei ya patasi kwa kazi ya mashine.

Vile vichwa vya shaba vinavyopamba mlango usivikubali vyenye msumari wa chuma. Chumvi inaingia, msumari unaoza, kichwa kinadondoka na kuacha doa. Kuvisafisha: ukwaju au ndimu na chumvi, lakini kata karatasi yenye tundu uiweke chini ya kichwa, kwa sababu tindikali inafubaza mbao. Suuza kwa kitambaa chenye maji, kausha.

Na nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, usiguse mlango wa mbele bila kwanza kwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba ruhusa. Mlango wa zamani mara nyingi unahitaji kutengenezwa miguu na bawaba tu. Kuutoa mzima na kuweka mpya ni hasara isiyorudi.

Pandani_Wete

Shukran sana. Na mafuta? Huku wazee wanasema mafuta ya nazi, wengine sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka majahazi.

NakshiMalindi

Mafuta ya nazi hayakauki. Yanakaa juu, yanakusanya vumbi, na masika ukungu unaota. Sifa inalinda mbao, ila harufu yake haifai mlangoni pa nyumba.

Kwa mlango wa nakshi napendelea mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakichanganywa na tapentaini nusu kwa nusu mara ya kwanza. Futa yaliyobaki baada ya dakika 20, rudia mara mbili kila baada ya siku mbili. Kila mwaka unaongeza bila kukwangua kitu. Vitambaa ulivyofutia visikunjwe na kutupwa kwenye pembe, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Seremala_Mkunazini

Hapo tunatofautiana kidogo na ndugu yangu. Kwa nakshi iliyo chini ya kipaa sawa, lakini kwa Pemba mafuta ya kitani nayo yanashika ukungu mahali pasipopata jua. Kwa mlango wa paneli mimi ningeshika vanishi ya boti. Msasa namba 120, kisha 180. Mkono wa kwanza vanishi nusu na tapentaini nusu ili izame, halafu mikono minne mizima, kila mmoja ukae hadi kesho yake na upigwe msasa 220 kwa wepesi. Usipake asubuhi mbao ikiwa na umande wala siku ya mvua, vanishi itakuwa na weupe kama maziwa.

Ikifika kaskazi, ukavu ukianza, pitisha mkono upande unaopigwa na jua. Ukisikia ukavu na ukwaru, piga msasa mwepesi na upake mkono mmoja. Ukingoja mpaka ichubuke hadi mbao ionekane imegeuka kijivu, itabidi ukwangue yote uanze upya.

UmmuSalma_Fuoni

Swali la mwisho. Seremala kaniambia mbao zake kavu, nitajuaje?

Seremala_Mkunazini

Kama ana kipima unyevu, asome katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka kwanza. Chini ya 18 uendelee, juu ya 20 usubiri. Kama hana, katisha kipande cha sentimita 5 kutoka ndani ya ubao, nusu mita kutoka ncha, ukipime uzito kwenye mizani ya jikoni. Kianike ndani ya nyumba palipo na upepo, upime tena kila baada ya siku tatu. Uzito ukishuka sana, mbao bado mbichi. Ukibaki palepale, mwambie aanze kazi.